Shule imefungwa na barabara ni kavu: mambo ya kujua kabla theluji haijaanguka

Mama mmoja aliyeko Kentucky, Marekani, ametuandikia akiuliza swali linalorudi kila Januari miongoni mwa familia za Waswahili kule Louisville, Columbus na Minneapolis: kwa nini shule imefungwa wakati barabara ya mbele ya nyumba yake haina hata chembe ya theluji?

Ni kwa sababu wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za eneo lako, haiangalii barabara yako. Inaangalia ile mbaya kuliko zote ambazo basi la shule lazima lipite. Kuanzia saa 9 au 10 alfajiri, watu wa usafiri huzunguka na magari kukagua vilima, madaraja na vijia ambavyo gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu halijafika. Daraja huganda mapema kuliko barabara, kwa vile baridi hulipiga juu na chini. Na chumvi ya kawaida haifanyi kazi vizuri baridi ikizidi nyuzi -9 hivi za Selsiasi. Mabasi nayo yana shida zake: kwenye baridi kali dizeli huwa nzito na kuziba chujio, betri zikafa. Mkuu wa wilaya ya shule huamua kwa kuzingatia hayo yote, na kwa kawaida tangazo hutoka kabla ya saa 12 asubuhi, madereva wa kwanza wasije wakaondoka.

Hata pasipo theluji, baridi peke yake yatosha kufunga shule. Ukiona nyuzi 0 za Fahrenheit kwenye simu, hizo ni -18 za Selsiasi. Upepo wa kilomita 24 kwa saa ukivuma, mwili huhisi kama ni -28, na ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Tarehe 6 Januari 2014 gavana wa Minnesota, Mark Dayton, aliamuru shule za umma za jimbo zima zifungwe kwa sababu ya baridi.

Sasa tuje kwenye tangazo linalowasumbua wazazi kuliko kufungwa kwenyewe: shule kuchelewa kuanza kwa muda wa saa mbili. Kama basi huja saa 12:50 asubuhi, siku hiyo litakuja saa 2:50. Muda wa kutoka haubadiliki. Chekechea ya asubuhi mara nyingi hufutwa kabisa, na shule nyingine hazitoi kifungua kinywa, kwa hiyo mlishe mtoto nyumbani. Hatari kubwa ni kwa mzazi wa shifti ya alfajiri aliyeondoka bila kuona ujumbe: mtoto anatoka kwa saa yake ya kila siku na kusimama kituoni peke yake, baridi ikimchoma, akisubiri basi ambalo bado limeegeshwa. Panga na jirani tangu Novemba, mtu atakayemfungulia mtoto mlango asubuhi kama hiyo. Usingoje usiku wa dhoruba kuanza kutafuta mtu.

Ujumbe nao hupotea kwa sababu ndogo ndogo. Umebadilisha laini ya simu na ofisi ya shule bado ina namba ya zamani. Au simu ya wilaya imeingia kama namba usiyoijua, ukaifungia. Nenda ofisini ukakague namba zako, kisha uombe lugha ya nyumbani iandikwe Kiswahili. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni bure. Mtoto wa darasa la tatu asifanywe mkalimani wa familia, tafadhali. Kama una watoto kwenye shule tofauti, fuatilia kila moja: shule za mkataba (charter, yaani za umma zinazojiendesha zenyewe) na za dini zinaweza kujiamulia zenyewe.

Kufungwa kwa jengo si lazima kuwe likizo. Kentucky inaruhusu wilaya yenye mpango ulioidhinishwa kutumia hadi siku 10 kwa mwaka za kusomea nyumbani. Minnesota hadi 5. Mtoto akifanya kazi ya siku hiyo ndipo huhesabiwa amehudhuria. Kwa hiyo utabiri ukitaja theluji, hakikisha kompyuta na chaja vimerudi nyumbani na mtoto, na uichaji usiku huohuo, maana mvua inayoganda huangusha nyaya za umeme.

Limebaki la kuruhusiwa mapema, dhoruba inapoanza mchana. Shule haimkabidhi mtoto kwa mtu asiye kwenye orodha ya dharura, hata akiwa mjomba wake wa damu. Andikisha watu wawili au watatu wanaokaa karibu, wenye gari, na waambie waje na kitambulisho chenye picha. Uliza pia basi hufanya nini lisipokuta mtu mzima kituoni: kwa watoto wa chekechea, mara nyingi dereva humrudisha mtoto shuleni, na kumfuata huko jioni, barabara zikiwa zimeganda, ni kazi kubwa.