Hoteli ya mtaani ikipata tajiri mpya, irudie mara tatu kabla ya kuihukumu

Nilianza kula katika hoteli ile mwaka 2009, nilipohamia Ngamiani, hapa Tanga, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki wiki iliyopita bila kukaa pale walau mara mbili. Kwetu neno hoteli bado lina maana ya mahali pa kula, si pa kulala, na ndivyo nitakavyolitumia. Mwanzoni mwa mwaka jana mwenye hoteli, ambaye umri ulikuwa umekwenda, aliiuza. Milango ikafungwa miezi miwili na nusu kwa ajili ya ukarabati, kisha ikafunguliwa ikiwa na rangi mpya, vigae vyeupe, bei mpya na tajiri mpya ambaye hakuna aliyemjua mtaani. Haikupita wiki moja mtaa ukagawanyika: wapo waliosema imeharibiwa, na wapo waliosema sasa ndiyo imekuwa hoteli. Mimi nilikuwa karibu sana kujiunga na wale wa kwanza, na ninaandika haya kwa sababu ninaamini ningekuwa nimefanya makosa.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiende siku ya ufunguzi kwa nia ya kupima chakula. Mimi nilikwenda siku hiyo, ikiwa Jumamosi, nikakuta watu wamejaa hadi barabarani, wahudumu hawajui meza ipi imeagiza nini, na pilau iliyopikwa kwa haraka ili iwatoshe wageni waliokuja kutazama. Jiko lililolemewa namna hiyo halikuonyeshi linavyofanya kazi siku za kawaida. Kinachoweza kutazamwa siku hiyo ni jengo tu, na kwa upande huo nilifurahi kwa dhati: palipokuwa na jagi na beseni la kunawia sasa pana masinki mawili yenye bomba na sabuni, choo kina maji na mlango wake una kitasa, na moshi uliokuwa ukiwasha macho ya wateja waliokaa nyuma haupo tena.

Rudi siku ya kazi, asubuhi, na uagize kile ulichokuwa ukiagiza siku zote. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu ukiagiza chakula kipya huna cha kukilinganisha nacho, na utajikuta unahukumu rangi ya ukuta. Jumanne iliyofuata nilifika saa kumi na mbili na nusu, nikaagiza mbaazi za nazi, maandazi mawili na chai ya maziwa. Maandazi yalikuwa yale yale, yenye harufu ya iliki, na ndani yana uwazi. Mbaazi, hata hivyo, hazikuwa zile ninazozijua. Zilikuwa zimeiva, lakini maganda yalikuwa bado yanajitenga mdomoni, na tui lilikuwa limekatika: juu kuna mafuta yanayoelea, chini kuna vichenga vyeupe na maji.

Badala ya kuondoka na hukumu yangu nilizunguka nyuma, nikamkuta mpishi ni yule yule wa zamani. "Shikamoo, mama," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu. Umeziona mbaazi?" akaniuliza kabla sijasema neno, kwa kuwa mpishi mzuri hujua. Akanieleza kwamba zamani mbaazi zililowekwa usiku, zikainjikwa kwenye jiko la mkaa katika sufuria nzito, zikaachwa zichemke taratibu kwa tui jepesi, na tui zito likatiwa mwishoni wakati makaa yamekwisha kufifia. Sasa jiko ni la gesi na sufuria ni mpya, nyembamba. Moto unapiga mahali pamoja, na hata ukipunguzwa hadi mwisho bado ni mkali kwa tui, ambalo likichemka kwa nguvu hukatika. "Jiko hili bado sijalizoea," alisema, "lakini kifua changu kimepona. Ulikuwa unanisikia ninavyokohoa."

Maneno hayo yalinigusa, kwa sababu kwa miaka yote ile nilikuwa nikisifu ladha ya mbaazi za mkaa bila kufikiri ni nani anayevuta moshi wake. Nawaomba wasomaji wenzangu walitazame jambo hili kwa mapana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi jikoni. Maana yake ni kwamba hoteli nyingi za mitaani zitapitia yaleyale yaliyompata mama huyu, na kwa wiki kadhaa chakula kitayumba wakati mikono iliyozoea makaa inajifunza moto mwingine. Kuyumba huko si ushahidi kwamba tajiri mpya hajui kazi. Ndiyo maana swali la kwanza ninalokushauri uulize si la bei wala la mapambo, bali ni hili: je, wapishi wamebaki? Wakiwa wamebaki, subiri. Wakiwa wameondolewa wote kwa pamoja, basi hiyo ni hoteli nyingine iliyorithi jengo tu, na uipime kama unavyopima hoteli usiyoijua.

Jambo la pili ni kuzungumza na mwenye hoteli, na kuna namna ya kufanya hivyo. Usimwambie mbele ya wateja, wala usimtume mhudumu, kwa sababu ujumbe utamfikia ukiwa umekwisha kuwa malalamiko. Nilisubiri hadi saa nne, watu wamepungua, nikamkuta kijana huyo anahesabu chenji kwenye kaunta. Nilimpongeza kwanza kwa masinki na choo, na sikuwa ninampaka mafuta, kisha nikamwambia jambo moja tu: tui la mbaazi limekatika kwa sababu sufuria ni nyembamba. Ukisema chakula hakina ladha unamwachia mtu uchungu asiojua autibu wapi, lakini ukisema tui limekatika unampa kazi anayoweza kuifanya kesho asubuhi. Alinisikiliza, akaniuliza sufuria za zamani zilikuwa za namna gani, na akakiri kwamba aliziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu akidhani anaisafisha hoteli.

Lipo jambo jingine nililomwambia siku hiyo ambalo kila mteja anapaswa kulichunguza, nalo ni kabati la kioo. Hoteli zinazokarabatiwa hupenda kuweka kabati lenye taa kwenye kaunta, na sambusa, katlesi na samaki wa kukaanga hupangwa humo wakapendeza. Sogea karibu ulitazame. Lile la kwetu lilikuwa limetoka jasho ndani ya kioo, na nilipoishika sambusa ilikuwa vuguvugu, ganda lake limelegea. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kwamba kinachosubiri kuliwa kiwe cha moto kwa nyuzi zaidi ya 60 za Selsiasi. Balbu moja ya kuangazia haifikishi joto hilo, na sambusa ya nyama iliyokaa humo tangu alfajiri hadi saa sita si ya kumpa mtoto. Nakushauri uulize zimetoka kwenye karai saa ngapi, au uagize za kukaangwa wakati huo huo, hata kama itakubidi usubiri.

Kuhusu bei sina mengi ya kusema. Sahani ya mbaazi ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na chai kutoka 500 hadi 700, na mtu aliyelipia vigae na mabomba hana budi kurudisha fedha yake. Uliza bei kabla ya kukaa, tazama kiasi kilichomo sahanini badala ya tarakimu peke yake, na ukiona bei hazijaandikwa ukutani mwombe mwenye hoteli aziandike, maana mteja wa zamani anayeshtukizwa na bei wakati wa kulipa mara nyingi harudi. Ila upo uangalifu mmoja nilioujua kwa gharama. Kaunta ya zamani ya mbao ilibakizwa, na kibandiko cha Lipa Namba cha mwenye hoteli wa kwanza kilikuwa bado kimebanduka nusu pembeni mwake. Nililipa shilingi 4,400 kwa namba hiyo bila kusoma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, na fedha ikaenda kwa mzee aliyekwisha kustaafu. Aliirudisha siku ile ile, kwa kuwa ni muungwana na tunafahamiana. Popote biashara inapobadilisha mmiliki, soma jina hilo kwanza, na likiwa silo, usiendelee.

Mara ya tatu nilikwenda baada ya wiki tatu. Mama alikuwa amepata kipande cha chuma bapa, kizito, anachokiweka juu ya jiko la gesi kabla ya kuinjika sufuria, na moto ukasambaa. Mbaazi zilikuwa laini, tui limeshikana na rojo, na rangi yake ni ile ya maziwa yenye manjano kidogo. Sitasema zimekuwa sawasawa na za mkaa, kwa sababu ule moshi mwembamba uliokuwa ndani yake haupo, lakini nilimaliza sahani na nikaongeza nusu.

Bado kuna mambo mawili ambayo hayajakaa sawa. Daftari la mkopo limefutwa, na ukutani pameandikwa kwamba mkopo ni kesho. Ninamwelewa tajiri, kwa kuwa madeni ya daftari la zamani si yake na hawezi kumkopesha mtu asiyemjua. Hata hivyo, wapo mafundi na wabeba mizigo waliokuwa wakila wiki nzima na kulipa Jumamosi, na hao ndio waliojaza viti siku za mvua. Nimemshauri aanze na watu watano ambao mama mpishi anawafahamu na anaweza kuwadhamini. La pili ni benchi refu lililokuwa nje barazani, ambalo wazee walikalia baada ya sala ya alasiri wakinywa kahawa chungu na kashata. Liliingizwa stoo wakati wa kupaka rangi na halijatoka. Amesema atalitoa, nami nimemwambia kwamba mguu mmoja ulikuwa umelegea tangu zamani, na kwamba yupo fundi seremala nyuma ya soko atakayeufunga kwa nusu siku. Ijumaa nitampitisha fundi huyo alitazame.