Usikihame Chama Kabla Hujazijua Kanuni Zake

Juzi kijana mmoja Mkongo anayeishi Texas, aliyepata uraia mwaka jana, aliniandikia: "Dada, hawa watu wa Democratic wanatutaka sisi, au wanataka kura zetu tu?" Nimekaa na swali lake siku tatu. Mimi nilijiuliza hilohilo mwaka 2020, na jeraha lake sijalisahau.

Machi 2 mwaka huo nilitoka zamu ya usiku hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, nikalala kidogo, jioni nikaenda mji jirani wa St. Paul kwenye mkutano wa Bernie Sanders, seneta aliyekuwa akiwania kuteuliwa na Democratic kugombea urais. Majira yote ya baridi nilikuwa nimegonga milango kwa ajili ya jambo moja, bima ya afya kwa wote. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na nimewaona wakikata vidonge katikati ili vifike mwisho wa mwezi. Siku tisa kabla, Sanders alikuwa ameshinda mchujo wa jimbo la Nevada kwa kishindo, na Chris Matthews, mtangazaji wa televisheni ya MSNBC, akaufananisha ushindi huo na Ufaransa ilivyoanguka mbele ya Ujerumani mwaka 1940. Sanders ni Myahudi ambaye ndugu za baba yake waliuawa na Wanazi! Matthews aliomba radhi hewani, lakini sisi tulishaelewa tunavyoonekana.

Siku hiyohiyo ya mkutano, seneta wetu Amy Klobuchar, aliyekuwa naye akiwania uteuzi huo, alijitoa akamuunga mkono mpinzani wa Sanders, Joe Biden. Mgombea mwingine, Pete Buttigieg, alijitoa jana yake. Kesho yake Biden akaichukua Minnesota, jimbo ambalo Sanders alilishinda 2016 kwa zaidi ya asilimia 60.

Pale mlangoni watu wa kituo kimoja cha televisheni walinihoji robo saa nzima. Niliwaeleza habari za dawa, bili, wazee wangu. Mwisho wakaniuliza kama nitampigia kura mgombea mwingine Sanders akishindwa. Nikajibu nitampigia, ila kwa uchungu. Usiku nikajiona kwenye taarifa ya habari: sekunde chache, nasema "kwa uchungu", na chini ya picha maandishi kuhusu hasira za wafuasi wa Sanders. Mama yangu alitumiwa video hiyo huko Likoni, akanipigia kuniuliza nimegombana na nani.

Nikasusa. Miaka miwili sikuingia kikao chochote cha chama. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo ninalotaka ulikwepe, mdogo wangu. Wafuasi wa Sanders wa 2016 waliumizwa zaidi: barua pepe zilivuja zikaonyesha maofisa wa chama wakimpendelea mpinzani wake, Hillary Clinton, mwenyekiti wa chama wa kitaifa akajiuzulu. Wao hawakuondoka. Walikaa vikaoni wakabishana mpaka Agosti 2018, vigogo wa chama wakaondolewa nguvu ya kuamua mgombea katika duru ya kwanza ya kura kwenye mkutano mkuu wa chama. Kanuni ile ilibadilishwa na watu waliovumilia vikao vya kuchosha, wakati wengine tunalia nyumbani.

Niliporudi, sikurudi kwa sababu chama kilikuwa kimebadilika. Machi 2024, kulalamikia vita vya Gaza, nilitia alama kisanduku cha kutofungamana na mgombea yeyote. Karibu mmoja kati ya kila watano waliopiga kura ya mchujo ya Democratic jimboni alifanya hivyo, tukapata wajumbe 11. Agosti, kwenye mkutano mkuu wa chama huko Chicago, wajumbe hao wakaomba Mpalestina mmoja apewe dakika chache jukwaani. Wakanyimwa.

Mwaka 2025 Omar Fateh, mtoto wa wahamiaji wa Kisomali, aliidhinishwa na chama hapa mjini mwezi Julai kugombea umeya. Agosti uongozi wa chama jimboni ukaufuta uidhinishaji kwa hoja ya kasoro za kuhesabu kura. Novemba akashindwa na meya aliyekuwa madarakani, Jacob Frey. Nililia ndani ya gari. Siku hiyohiyo ya uchaguzi, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya wa New York kwa kura zaidi ya milioni moja. Mwezi Juni bodi ya wahariri ya New York Times ilikuwa imeandika kwamba hastahili nafasi kwenye kura za wakazi, na Hakeem Jeffries, kiongozi wa chama katika Baraza la Wawakilishi, alimuunga mkono mwishoni mwa Oktoba tu. Watu wake hawakungoja baraka za mhariri wala za kiongozi. Waligonga milango.

Basi usingoje televisheni ikueleze vizuri, wala usitegemee viongozi wakupende. Gonga milango. Soma kanuni. Usisuse, nakuomba, usisuse.

Kwenu Texas kura za mchujo za mwaka 2026 ziliwekwa Machi 3. Kila eneo la kupigia kura lina nafasi ya mwenyekiti wa chama, na nyingi huwa hazina mtu. Ulizia ya eneo lako wiki hii. Ukikuta iko wazi, andika ombi usiku huohuo, kisha nipigie tulisome pamoja.