Mwanangu aliuliza swali kuhusu Biblia, nikampokonya simu

*Shangazi, mwanangu wa miaka 16 amelelewa katika shule ya Jumapili na sasa yumo katika darasa la kipaimara. Mwezi uliopita alituuliza mezani: ikiwa jua liliumbwa siku ya nne, zile siku tatu za mwanzo zilihesabiwaje? Alisema amelisikia swali hilo kwenye video. Baba yake aligonga meza, nami nikampokonya simu na kumwambia kwamba maswali ya namna hiyo hayaulizwi katika nyumba hii. Tangu hapo anakwenda kanisani bila ubishi, lakini hazungumzi. Mume wangu anataka tumpeleke shule ya bweni ya kanisa. Je, tunampoteza?*

Mama mpendwa,

Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni ukimya wa mwanao kuliko swali lake. Kijana anayeuliza mbele ya wazazi wake bado anaamini kwamba jibu linaweza kupatikana nyumbani. Akinyamaza, amekwisha kuyahamishia maswali yake kwingine, na huko hakuna anayegonga meza.

Tena swali lenyewe halikuzaliwa kwenye intaneti. Mwanzo sura ya 1 inaeleza kwamba nuru ilikuwako siku ya kwanza na mianga miwili mikubwa ikafanywa siku ya nne, kwa hiyo msomaji makini lazima ashtuke. Origeni, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, aliuliza karibu jambo lilelile. Baadaye Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alikiri kwamba siku zile zilikuwa za namna gani ni jambo gumu mno kwetu kulifahamu, pengine lisilowezekana kabisa, na bado akafa akiwa askofu. Mwanao anastahili kuyasikia haya kutoka kwenu, kwa sababu watu wa video hupenda kuleta maswali ya kale kana kwamba ni siri zilizofichuliwa jana.

Augustino huyohuyo ndiye aliyemliza mama yake, Monika, kwa miaka mingi. Akiwa kijana alijiunga na wafuasi wa Mani, mhubiri wa Uajemi aliyeanzisha dini yake mwenyewe, akakaa nao takriban miaka 9. Monika alimwendea askofu mmoja akimsihi abishane na mwanawe, naye akakataa: kijana bado hafundishiki, amwache na kumwombea, kwani kwa kusoma mwenyewe ataligundua kosa. Askofu yule alijua alilolisema, maana naye alikuwa amelelewa miongoni mwa watu wa Mani. Augustino alibatizwa Milano mwaka 387. Sikuahidi kwamba kila kijana hurudi; wapo wasiorudi, na mama zao walisali vilevile.

Kwa hiyo kaeni naye, wewe na baba yake pamoja, mmwambie kwamba siku ile mlimjibu kwa hofu. Itazameni hiyo video pamoja naye, kisha fungueni sura yenyewe mkaisome polepole, na mkifika mahali msipopajua, semeni kwamba hampajui. Simu mrudishieni. Kama mnataka isije mezani na usiku ilale sebuleni, sharti hilo liwe kwa ajili ya usingizi na masomo, liwahusu na ninyi, wala lisichanganywe na swali aliloliuliza.

Kwenda ibadani pamoja na familia maadamu anaishi kwenu si uonevu, nanyi msione haya kulidai hilo. Kipaimara ni jambo jingine kabisa. Pale kijana husimama mbele ya usharika na kuikiri kwa kinywa chake imani ambayo wengine waliikiri kwa niaba yake alipobatizwa, na kumsimamisha akiri asichokiamini ni kumzoeza kusema uongo madhabahuni, tena uongo wenye keki na picha. Mwulizeni kama yuko tayari. Akisema bado, zungumzeni na mchungaji ili asubiri darasa lijalo, na maneno ya jamaa myabebe ninyi, asiyabebe yeye.

Kuhusu shule ya bweni, sina neno baya juu ya shule za kanisa. Lakini mkimpeleka sasa, wiki chache tu baada ya swali lake, ataielewa kuwa ndiyo adhabu yake, na kila mwalimu wa dini atakayemkuta huko atamwona kama askari magereza. Mwambie mumeo jambo hilo lingoje mpaka kijana atakapoanza kuzungumza tena, kisha aulizwe yeye mwenyewe kama anaitaka.

Shangazi