Maiti ya mwanajeshi mstaafu isiyo na mwenyewe

Wiki hii tunajibu maswali yenu kuhusu wanajeshi wa zamani wanaokufa bila ndugu wa kuwazika: nani awatambue, na kwa fedha za nani.

Mpangaji wangu, mzee aliyekuwa jeshini, amefia chumbani. Hakuna jamaa aliyejitokeza na maiti iko mochari. Nifanye nini? (Mwenye nyumba, Kamwokya)

Pole sana, mama. Hapa Kampala, maiti isiyodaiwa hukaa mochari ya jiji kule Mulago, kisha mamlaka ya jiji huizika kwa gharama zake pamoja na wengine wasiojulikana. Akishafukiwa bila jina, hata mwanawe akitokea Arua mwaka ujao hana kaburi la kuonyeshwa. Kwa hiyo rudi chumbani ukiwa na polisi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Angalieni chini ya godoro, kwenye sanduku la bati, kwenye mifuko ya koti. Mnatafuta karatasi za kuachishwa kazi, karatasi ya benki inakoingia pensheni, chochote chenye namba ya jeshi. Namba inashinda jina, maana akina Okello jeshini hawahesabiki. Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani ikiwa na namba hiyo, ina pa kuanzia kutafuta faili lake na kijiji alichotoka.

Waombe polisi wachukue alama za vidole pia. Kama alikuwa na kitambulisho cha taifa, NIRA, mamlaka ya vitambulisho, wanazo. Halafu pita kilabu cha malwa, pombe ya kienyeji, alikozoea kukaa. Afande mwenzake atakwambia alikuwa kikosi gani. Kati ya 1992 na 1995 serikali ilipunguza jeshi kwa askari zaidi ya 36,000, na si wote waliorudi kwao.

Kwa nini kodi yetu imzike mtu aliyetelekezwa na watoto wake, wakati hospitalini hakuna dawa? (Fundi, Mbale)

Tayari inamzika, ndugu yangu. Shimo, sanda na gari havitoki mbinguni. Mimi sidai jeneza la kung'aa wala risasi za heshima. Ninachodai ni mtu mmoja kila mkoa, analipwa na wizara, anayepita mochari na orodha ya wastaafu kabla maiti hazijafukiwa. Fedha iende kwenye jina kwanza. Kila tarehe 9 Juni tunapata fedha za mahema na gwaride la Siku ya Mashujaa. Sioni kwa nini hii ishindikane.

Marekani wanafanyaje? (Mwanafunzi, Gulu)

Mstaafu mwenye sifa huzikwa bure katika makaburi ya taifa. Sheria iliyotiwa saini Januari 2013 iliiruhusu wizara yao ya maveterani kutoa jeneza au chombo cha majivu kwa asiye na jamaa wala mali ya kutosha. Lakini kazi ya kutafuta majina kwenye rafu za nyumba za mazishi, ambako majivu hukaa miaka na miaka, hufanywa sana na watu wa kujitolea. Hata tajiri amebana fedha hapo hapo tunapobana sisi.

Mifupa ya waliouawa vitani Luweero inaweza kupimwa DNA tukajua nani ni nani? (Mjane, Nakaseke)

Mama, nitakwambia bila kukuzungusha: kwa mingi, haitawezekana. Vita vile vya msituni vya 1981 hadi 1986, kati ya waasi wa Museveni na serikali, viliua wapiganaji na raia, na mifupa ikakusanywa na kuzikwa pamoja. DNA hutoka mfupani, ndiyo, lakini joto na udongo wenye unyevu huila, na lazima pawe na sampuli ya ndugu wa kulinganisha naye. Kwa waliofariki karibuni hali ni tofauti. Baada ya shambulio la shule ya Mpondwe, Juni 2023, wanafunzi walioungua walipimwa DNA ili watambuliwe. Anayekuahidi fuvu la mumeo kwa malipo ni tapeli.

Sisi Waislamu tunazika upesi. Vipimo si vitatuchelewesha? (Mnubi, Bombo)

Hapana, shehe. Picha, alama za vidole na tone la damu kwenye karatasi maalumu ni kazi ya muda mfupi. Maiti azikwe, majibu yafuate, mradi kaburi liwe na namba inayolingana na ile ya sampuli.

Babu yangu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alifia Burma katika Vita Kuu ya Pili. Serikali itamrudisha? (Mjukuu, Jinja)

Usitegemee. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kwa desturi huwaacha waliofia vitani huko huko. Ila tafuta jina lake katika rejista yao kwenye intaneti, kwa namba ya jeshi ikiwezekana, na ujaribu tahajia zote, kwa sababu karani wa Kizungu aliandika alivyosikia. Kwa Vita Kuu ya Kwanza, tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Usipomkuta, wapelekee ulichonacho: barua, medali, picha. Wanapokea maombi ya kuongeza majina.