Panga kozi ya kwanza ya tofali ikiwa kavu kabla ya kuanza kupandisha boma

Ndugu uliyeuliza kama fundi aanze kupandisha boma (kuta za nyumba) kesho kwa kuwa msingi na jamvi (sakafu ya zege) vimekwisha kukauka, mimi ningemwomba atumie kwanza siku nzima kupanga tofali za kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini kabisa, bila udongo wa saruji, katika kuta zote za nje na za ndani, akiacha nafasi ya kiungo kati ya tofali na tofali.

Nilipojenga Kibaha sikufanya hivyo. Fundi alianzia kona moja, na alipofika kona ya pili akabakiwa na mwanya wa inchi 4, akauziba kwa kipande. Kipande hicho kikajirudia mahali palepale kila kozi, viungo vya wima vikapandiana, na ufa uliojitokeza baada ya lipu ukaufuata mstari huohuo kutoka chini hadi kwenye lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha).

Anzeni na mraba, yaani hakikisheni kila kona ina pembe mraba. Nyumba ya mita 9 kwa 12 lazima ipimwe mita 15 kamili kutoka kona hadi kona ya mkabala kwa mshazari, kwa njia zote mbili. Vipimo vikitofautiana, sogezeni kamba sasa, maana msingi wa tofali za kulaza una upana wa inchi 9 na ukuta wa inchi 6 unawaachia nafasi kidogo ya kurekebisha.

Tofali la inchi 18 linapaswa kukalia nusu ya lililo chini yake, yaani inchi 9. Kwenye kona, tofali la inchi 6 linalovuka hufunika inchi 6 tu za ukuta wa pili, hivyo hapo mpishano hupungua. Inchi 6 nazikubali, inchi 3 sizikubali hata kidogo.

Milango na madirisha choreni kwa chaki juu ya jamvi, ingawa madirisha yataanzia kozi kadhaa juu. Mara nyingi kulisogeza dirisha inchi 3 huondoa vipande vyote katika ukuta mzima. Kati ya dirisha na kona mimi siachi chini ya sentimita 60. Kuta za ndani zipishane na za nje tangu kozi hiyo ya kwanza, wala fundi asiseme atazichomeka baadaye.

Tuwekee vipimo vya ramani yako, hasa umbali wa kila dirisha kutoka kona, tukusaidie kuhesabu tofali.