Ng'ombe mnene anayekaribia kuzaa, fikiria ini lake

Wafugaji wengi huku kwetu Kilimanjaro hufurahi kumwona ng'ombe wa maziwa aliyekaushwa, yaani aliyeachishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, akiwa amenawiri, mgongo umejaa, shina la mkia limezama kwenye mafuta. Mimi nikimwona hivyo akiwa na mimba ya miezi minane, roho haitulii.

Akishazaa, maziwa yanatoka kwa wingi wakati hamu ya kula bado iko chini. Mwili unayeyusha mafuta yake kuziba pengo, nayo yanakwenda kwenye ini. Ini la ng'ombe ni zito kuyatoa tena, hivyo yanarundikana humo. Ng'ombe mnene ana mafuta mengi ya kuyeyusha, na kwa bahati mbaya ndiye anayekula kidogo zaidi baada ya kuzaa.

Dalili ninayoiamini kuliko zote iko kwenye hori. Anabagua: pumba na mashudu anaviacha, anachagua majani tu. Maziwa yanashuka, na wengine pumzi yao hunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hapo mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje alale chini.

Damu ikipimwa, usiishie kwenye AST, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia. Kimeng'enya hicho kimo pia kwenye misuli, kwa hiyo ng'ombe aliyelala muda mrefu atakuwa nacho juu hata kama ini ni zima. Mimi huomba kipimo cha CK, ambacho ni cha misuli, pamoja na GGT au GLDH, vimeng'enya vinavyoelekeza zaidi kwenye ini. ALT, kimeng'enya kinachotegemewa sana kupima ini la binadamu, kwa ini la ng'ombe haisaidii. Tena vimeng'enya huonyesha seli zilizoumia, havipimi kiasi cha mafuta. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza napenda zaidi kipimo cha ketoni, kemikali ambazo ini hutengeneza mafuta mengi yakiyeyushwa: BHB, ketoni kuu ya kwenye damu, ikifika milimoli 1.2 kwa lita, nachukua hatua hata kama ng'ombe anaonekana mzima.

Unene urekebishwe angali anakamuliwa, afike siku ya kukaushwa akiwa na alama ya unene ya 3 hadi 3.5 kati ya 5, ambapo 1 ni amekonda sana na 5 ni mnene kupita kiasi. Tafadhali usimkondeshe akishakaushwa. Ukimnyima chakula wakati huo, mafuta yataanza kuyeyuka kabla hata hajazaa. Wiki tatu za mwisho mrudishie pumba kidogo kidogo, tumbo lizoee. Daktari akikuandikia propilini glaikoli, kimiminika cha kumwongezea nguvu mwilini, mnyweshe taratibu bila kumwinua kichwa sana, isije ikaingia mapafuni.