Usaha umekauka siku ya tatu: dawa iliyobaki usiiweke kabatini

Dada yangu wa Mafinga, pole kwa kuuguliwa. Nimelisoma swali lako mara mbili. Binti yako ana mwaka mmoja na miezi minne, alishikwa na mafua, akalia usiku kucha, asubuhi sikio likatoa usaha, na zahanati wakampa amoksilini ya siku tano. Leo ni siku ya tatu, usaha umekauka, mtoto anacheza. Mama mkwe anasema dawa iliyobaki itunzwe kwa mara nyingine na sikio litiwe mafuta ya alizeti ya vuguvugu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hapo ulipo nilipita miaka sita iliyopita, na nilifanya yote mawili.

Mimi si daktari. Nauza viazi hapa Uyole, nina watoto watatu, na wawili wao wameugua masikio.

Wa kwanza ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya huku mnaijua. Alikuwa na mwaka na mwezi mmoja. Mafua siku nne, halafu ikawa kila nikimlaza analia, nikimweka begani ananyamaza, mkono uko sikio la kushoto. Tukasema ni meno. Usiku wa pili alilia hadi saa tisa, mara akanyamaza ghafla, akalala fofofo. Nikamshukuru Mungu. Asubuhi kanga niliyomlazia ilikuwa na doa la manjano lililokauka likawa gumu kama wanga, na nywele za juu ya sikio zimegandana. Kumbe ule ukimya wa saa tisa haukuwa kupona. Usaha ulikuwa umejaa nyuma ya kiwambo cha sikio, kikapasuka, ukapata njia, maumivu yakaisha.

Nikaenda dukani badala ya hospitali. Nikauziwa kapsuli za mtu mzima, nikaambiwa nifungue nimpe nusu kwa kijiko. Hakuna aliyempima uzito. Siku ya tatu usaha ukakata, nikaacha dawa, nikatia mafuta. Wiki mbili hazijaisha ukarudi, safari hii una harufu, na haukukoma mpaka mwezi wa nane.

Tabibu aliyenipokea kituo cha afya baadaye alikaa na mimi akanieleza taratibu. Kwanza aliniondoa kwenye ile imani yetu kwamba baridi huingia sikioni. Kofia ni nzuri, ila ugonjwa haupitii nje. Kuna mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua na koo kwenda sikio la kati. Kwa mkubwa umeinama, majimaji yanashuka yenyewe. Kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sawasawa. Virusi vya mafua vikiuvimbisha unaziba, majimaji yanatuama, na bakteria ambao siku zote wanaishi puani kwa mtoto bila kelele wanapanda na kuzaana humo.

Hao bakteria wakubwa ni watatu. Wa kwanza ni Streptococcus pneumoniae, yule yule wa nimonia. Wa pili ni Haemophilus influenzae, wa tatu Moraxella catarrhalis. Amoksilini huchaguliwa kwanza hasa kwa ajili ya huyo wa kwanza, maana ndiye mwenye kuleta madhara makubwa zaidi. Na hapa ndipo nilipoelewa ubaya wa vijiko vyangu vya kukisia. Wa nimonia anapojenga usugu, mara nyingi bado anashindwa dozi ikiwa kubwa ya kutosha kulingana na uzito wa mtoto. Ukimpa kidogo, wale dhaifu wanakufa, sugu wanabaki wana nafasi. Hao wengine wawili wana ujanja tofauti: baadhi yao hutoa kimeng'enya kinachovunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana mtoto akiwa hana nafuu baada ya siku mbili tatu za dozi sahihi, unamrudisha, na daktari anaweza kumbadilishia ampe amoksiklavu, yaani amoksilini iliyochanganywa na dawa inayozuia kimeng'enya hicho. Usiibadilishe mwenyewe dukani.

Kwa hiyo dada, mpe mwanao siku zote tano. Usaha kukauka maana yake bakteria wamepungua, hawajaisha, na watoto wa chini ya miaka miwili ndio wanaorudiwa kirahisi. Hata hiyo ya kutunza haiwezekani kama ni ya maji: ukishaichanganya inakaa siku chache tu, kawaida saba au zaidi kidogo ikiwa kwenye friji, soma lebo yake. Mwezi ujao itakuwa maji matamu.

Mafuta nakuomba usitie kabisa. Kiwambo kina tundu sasa hivi. Usitie mafuta, wala maji ya kitunguu, wala maziwa ya mama. Na kuna matone ya masikio yenye jentamisini ambayo watu huuziwa hovyo: tundu likiwepo yanaweza kuharibu usikivu. Ukimwogesha, kinga sikio maji yasiingie.

Usaha ukirudi, fanya nilivyofundishwa. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, kisokote kiwe kama utambi wa taa, chenye ncha laini. Vuta sikio taratibu kwa nyuma, ingiza utambi, subiri ulowe, utoe, weka mwingine mkavu, mpaka utoke mkavu. Mara tatu kwa siku. Vijiti vya kiberiti na vya pamba viache. Mwanangu alikuwa anapigana nami mwanzoni, baadaye akawa analala mwenyewe mapajani kwangu.

Usaha ukifikisha siku 14 sikio linahesabiwa kuwa na ugonjwa sugu, na wadudu wake ni wengine, hasa Pseudomonas na Staphylococcus. Hao amoksilini ya kumeza haiwawezi. Mwanangu alipona kwa kukaushwa namna hiyo, kisha matone ya siprofloksasini kwa wiki mbili. Asubuhi za Uyole chupa inakuwa baridi kama barafu. Siku ya kwanza nilimtilia hivyo hivyo, akayumba akatapika. Tabibu akanambia matone ya baridi huleta kizunguzungu, nishike chupa kiganjani dakika chache kwanza. Halikutokea tena.

Mtoto wa pili nilikuwa nimejifunza. Alipoanza kushika sikio nilimpeleka siku hiyo hiyo. Akapimwa, kilo 11, akapewa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha vya miligramu 250, viwili asubuhi na viwili jioni, siku tano, na parasetamo kwa maumivu. Hiyo ilikuwa hesabu ya kilo zake, usiichukue kwa wako. Ukiona vipele au kuvimba uso baada ya dawa, acha na urudi haraka.

Na si kila sikio linalouma linahitaji antibayotiki. Mengi hupona yenyewe. Mtoto aliyevuka miaka miwili, anayeumwa kidogo sikio moja, bila usaha wala homa kali, daktari anaweza kumpa parasetamo tu na kumwangalia siku mbili tatu. Wako ni mdogo na ametoa usaha, kwa hiyo walikupa sahihi.

Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, sikio likasukumwa mbele, au shingo kukakamaa, degedege, uso kupinda upande, kushindwa kunyonya, usisubiri kesho. Ni hospitali usiku huo huo.

Angalia pia kadi yake ya kliniki kama alipata chanjo ya nimonia zote tatu, wiki ya 6, 10 na 14. Nchini tunayo tangu 2013. Inapunguza, haimalizi. Moshi nao unachangia, hasa sigara, hata jiko la mkaa tunaloingiza chumbani kuota liondoe alipo mtoto. Kama anatumia chupa, asinywe akiwa amelala chali.

Jambo la mwisho ambalo hukuuliza. Sikio la mwanangu lilipokauka, nikadhani yamekwisha. Lakini nikigonga sufuria anageuka, nikimwita kwa sauti ya kawaida nikiwa nyuma yake hageuki, na maneno yalichelewa. Majimaji huweza kubaki nyuma ya kiwambo wiki nyingi, hata miezi mitatu. Tulienda kwa daktari wa masikio, pua na koo, akafuatiliwa, leo anasikia na yuko darasa la kwanza. Wewe dawa ikiisha, subiri wiki chache, simama nyuma ya binti yako akiwa anacheza, umwite jina polepole. Kisha mrudishe wamwangalie masikio yote mawili.